Utaridi ni ya Kwanza au ya Mwisho? Majina ya Sayari na Anga ya Kitale na Bungoma

Utangulizi

Swali lililozaa makala haya liliulizwa mjini Kitale, wakati mwandishi alipokuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya upili. Zoezi lenyewe lilikuwa jepesi: wanafunzi waorodheshe sayari kuanzia ile iliyo karibu zaidi na Jua. Mwandishi alisahihisha madaftari kwa kufuata orodha aliyoikariri tangu utotoni katika shule ya msingi kule Bungoma, yaani Zebaki, Zuhura, Ardhi, Mirihi, Mshtarii, Sarateni, Zohali, Kausi na Utaridi. Msichana mmoja alikuwa ameiweka Utaridi mwanzoni na Zohali katika nafasi ya sita. Akakoseshwa mara mbili. Kesho yake alikuja na kamusi mkononi, akasema kwa adabu: "Samahani, Mwalimu. Kamusi inasema Utaridi ndiyo ya kwanza. Iliyokosea ni kamusi au ni mimi?"

Mwalimu hakuwa na jibu. Alijua orodha, lakini hakujua sababu ya orodha. Huenda wasomaji wengi wa jarida hili wako katika hali iyo hiyo, kwa kuwa majina ya sayari hufunzwa kama msamiati wa kukariri, sawa na majina ya wana wa wanyama na ya makundi ya vitu, bila kumwelekeza mwanafunzi atazame juu.

Makala haya yanakusudia mambo mawili. Kwanza, yataeleza kwa ufupi misingi ya mfumo wa Jua kwa kutumia mazingira ya Kitale na Bungoma. Pili, yataonyesha kwamba utata wa majina ya sayari hauhitaji kutatuliwa kwa amri wala kwa ubishi. Anga yenyewe, ikisaidiwa na historia ya maneno, inatosha kutuamulia.

Jua na Magimba Yanayolizunguka

Jua ni nyota. Linaonekana kubwa na lenye joto kuliko nyota nyingine kwa sababu tu liko karibu nasi. Kipenyo chake ni takribani kilomita 1,392,000, yaani dunia 109 zikipangwa sambamba ndipo zitakapotosha kulivuka. Zaidi ya asilimia 99 ya uzani wote wa mfumo huu umo ndani ya Jua, na nguvu ya mvutano wake ndiyo inayozifunga sayari zisipotee angani.

Sayari, kinyume na nyota, haina mwanga wake yenyewe. Inang'aa kwa kurudisha mwanga wa Jua, kama kioo au bati la nyumba linavyomeremeta mchana. Neno lenyewe limetokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni kitu kiendacho au kisafiricho. Watazamaji wa kale waligundua kwamba nyota karibu zote hukaa katika mpangilio ule ule mwaka nenda mwaka rudi, ilhali chache huhama kutoka kundi moja la nyota hadi jingine. Hizo chache ndizo walizoziita ziendazo. Kwa hiyo neno sayari ni matokeo ya utazamaji wa subira, wala halikubuniwa mezani.

Sayari za Jua ni nane, nazo zimegawika katika makundi mawili. Nne za ndani ni ndogo na zina uso wa mwamba. Dunia yetu ni mojawapo. Nne za nje ni majitu: mbili ni za gesi hasa, na mbili zilizo mbali zaidi zina barafu nyingi. Kati ya makundi haya mawili pana ukanda wa vipande vya miamba viitwavyo asteroidi. Aidha kuna miezi inayozizunguka sayari, nyota zenye mkia ambazo kwa hakika si nyota bali ni madonge ya barafu na vumbi, na vimondo, ambavyo ni chembe zinazoungua zinapoingia katika hewa ya dunia.

Mfumo wa Jua Ukitandazwa Kutoka Kitale Hadi Bungoma

Michoro ya vitabuni huzipanga sayari kama shanga kwenye uzi mmoja, zikigusana. Mchoro wa namna hiyo hauepukiki kwa kuwa ukurasa ni mdogo, lakini hupotosha. Ili kupata picha iliyo karibu na ukweli, tuutumie mwendo wa kilomita 70 hivi ulio kati ya Kitale na Bungoma kwa mstari mnyoofu. Kila kilomita moja ya ardhi yetu isimamie kilomita milioni 65 za anga.

Kwa kipimo hiki, Jua litakuwa tufe lenye kipenyo cha meta 21 lililowekwa katikati ya mji wa Kitale, lenye kimo cha jengo la ghorofa saba hivi. Sayari ya kwanza, ndogo kuliko chungwa la wastani na karibu na ukubwa wa limau, itakuwa meta 900 kutoka hapo. Ya pili itakuwa kilomita moja na meta mia saba. Dunia yetu itakuwa kilomita mbili na meta mia tatu kutoka kwa Jua, nayo haifikii hata ukubwa wa mpira wa kandanda, kwani kipenyo chake ni sentimeta 20. Mwezi wetu utakuwa kitu cha sentimeta tano, kilichowekwa meta sita tu kutoka kwenye mpira huo. Mirihi, yenye sentimeta kumi, itakuwa kilomita tatu na nusu kutoka Jua. Mpaka hapa sayari zote nne za miamba ziko viungani mwa Kitale.

Baada ya hapo msafiri hukutana na utupu mrefu. Mshtarii, tufe la meta mbili na ziada, iko kilomita 12, kabla ya kufika Kiminini. Zohali iko kilomita 22, ukiisha kupita Kiminini. Uranusi iko kilomita 44, ng'ambo kidogo ya Kimilili, na Neptuni, tufe lisilofika hata meta moja, ndiyo inayoingia mjini Bungoma. Pluto, kwa wastani, ingekwenda kilomita nyingine 20 mbele ya Bungoma kuelekea upande wa Busia.

Mwanafunzi akiulizwa nyota ya jirani zaidi baada ya Jua ingewekwa wapi katika kielelezo hiki, huenda akataja Nairobi au Mombasa. Jibu ni kwamba haipatikani mahali popote duniani. Ingelazimu kuiweka zaidi ya kilomita 600,000 kutoka Kitale, mbali kuliko Mwezi halisi tunaouona usiku, ambao uko takribani kilomita 384,000 kutoka kwetu.

Kujizungusha na Kuzunguka

Kiswahili kina bahati njema katika jambo linalowachanganya wengi wanaosoma somo hili kwa mara ya kwanza. Dunia ina miendo miwili mikuu, nasi tunaweza kuitofautisha kwa kirejeshi kimoja tu: dunia hujizungusha kwenye mhimili wake, na papo hapo hulizunguka Jua. Silabi -ji- inabeba tofauti yote iliyopo kati ya siku na mwaka.

Kujizungusha huleta usiku na mchana. Kwa kuwa dunia hugeuka nyuzi 360 kwa takribani saa 24, kila uzi mmoja huchukua dakika nne. Mombasa iko mashariki ya Kitale kwa karibu nyuzi tano, kwa hiyo mkazi wa Mombasa hutangulia kuliona Jua kwa dakika kama 20, ingawa saa za ukutani husoma sawa. Tena wakati wa Afrika Mashariki umepimwa kwa longitudo ya 45, ambayo iko mbali mashariki ya nchi yetu. Ndiyo maana Jua la Kitale huchomoza kwenye saa kumi na mbili na nusu wala si saa kumi na mbili barabara. Hata hivyo, mtindo wa Kiswahili wa kuanza kuhesabu saa kwa kuchomoza kwa Jua unaafiki mahali kama hapa, kilipo Kitale nyuzi moja tu kaskazini ya ikweta na Bungoma takribani nusu yake. Mchana wetu na usiku wetu hulingana karibu mwaka mzima.

Kuzunguka Jua huchukua siku 365 na robo. Kwa kuwa mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi 23 na nusu, Jua huonekana likihamia kaskazini na kusini mwaka unapoendelea. Siku za karibu na 21 Machi na 23 Septemba hutuwakia utosini, na kivuli cha mtu adhuhuri hukimbilia chini ya nyayo zake. Mikanda ya mvua hufuata mwendo huo wa Jua, na mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia hupanda kwa kuufuata hata kama hakuwahi kusikia habari za mhimili. Wahenga waliliita kundi fulani la nyota kilimia, jina lililofungamana na kitenzi kulima. Hapa pia jina lilitokana na kazi na macho.

Mwezi nao huizunguka dunia. Kutoka mwandamo mmoja hadi mwingine ni siku 29 na nusu, na ndiyo sababu neno mwezi linataja gimba na muda kwa pamoja. Mwezi ukipita barabara kati yetu na Jua, Jua hupatwa. Jioni ya 3 Novemba 2013 wakazi wa Kitale na Bungoma waliona sehemu kubwa ya Jua ikifunikwa. Waliokuwa Pakwach nchini Uganda na sehemu za Turkana walikuwa kwenye njia ya giza kamili. Jua ni pana kuliko Mwezi mara 400 hivi, lakini pia liko mbali zaidi mara 400 hivi. Ndipo Mwezi mdogo ukaweza kulifunika lote.

Sayari Tano za Macho

Tuje sasa kwenye kiini cha swali la yule msichana. Ni sayari ngapi zinazoonekana kwa macho bila chombo? Ukiiacha dunia tunayoikanyaga, ni tano.

Ya kwanza hukaa karibu mno na Jua, kwa hiyo huonekana chini, kwa muda mfupi tu baada ya magharibi au kabla ya alfajiri. Hulizunguka Jua kwa siku 88. Ya pili, Zuhura au Ng'andu, hung'aa kuliko kitu chochote cha usiku isipokuwa Mwezi. Inapokuwa nyota ya jioni, mtazamaji wa Kitale huiona ikiteremka magharibi upande wa Mlima Elgon. Yule wa Bungoma, ambaye mlima uko kaskazini yake, huiona ikizama kwenye nchi tambarare. Wote wawili hawataiona usiku wa manane hata wakikesha, kwa sababu njia yake iko ndani ya njia yetu na haiachani sana na Jua. Ya tatu ni Mirihi, yenye wekundu unaotokana na kutu ya chuma kwenye vumbi lake. Ya nne ni Mshtarii, kubwa kuliko zote, ambayo hata darubini ndogo huonyesha miezi yake minne mikubwa iliyotazamwa na Galileo mwaka 1610. Ya tano ni Zohali, ya mwendo wa pole, inayomaliza mzunguko mmoja kwa miaka 29 na nusu.

Hizi tano zilijulikana tangu kale na mataifa mengi. Uranusi huonekana kwa shida mno, na hakuna aliyeitambua kuwa sayari mpaka William Herschel alipoiona kwa darubini huko Uingereza mwaka 1781. Neptuni ilionekana Berlin mwaka 1846, baada ya mahali pake kukokotolewa kwa hesabu. Pluto iligunduliwa nchini Marekani mwaka 1930.

Msomaji azishike tarehe hizi, kwani ndizo zitakazotusaidia kuhukumu. Jina la kale halingeweza kutungiwa sayari ambayo watu wa kale hawakuijua.

Majina Yaliyohamishwa

Kiswahili kilipokea istilahi nyingi za falaki kutoka Kiarabu. Katika Kiarabu, sayari tano za macho, kuanzia iliyo karibu na Jua, zina majina ambayo kwetu yamekuwa Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Majina ni matano na sayari ni tano, kila moja na lake. Hakuna pengo wala ziada.

Je, yale mengine ya orodha yetu yalitoka wapi? Zebaki ni jina la madini yale mazito yanayotiririka kama maji ndani ya kipimajoto. Kiingereza hutumia neno moja kwa madini hayo na kwa sayari ya kwanza. Yaelekea mfasiri alifasiri madini akidhani anafasiri sayari. Kausi kwa Kiarabu ni upinde, na Sumbula, ambalo wengine hulipa Mshtarii, ni suke la nafaka. Hayo ni majina ya buruji, yaani yale makundi kumi na mawili ya nyota ambayo Jua huonekana likipita mbele yake katika mwaka, pamoja na Mizani, Asadi na mengineyo. Sarateni linafanana sana na Saratani, burji ya kaa, neno ambalo leo twalitumia pia kwa ugonjwa. Wapo watakaodai kwamba Sarateni ni sauti ya Kiingereza iliyovishwa kanzu ya Kiswahili. Hata ikiwa hivyo, sayari hiyo ilikuwa na jina tayari.

Tukitazama kwa utaratibu huu, mchezo mzima unaonekana. Zebaki ilipokalia nafasi ya kwanza, Utaridi ilikosa makao ikasukumwa mpaka mwisho. Sarateni ilipokalia nafasi ya sita, Zohali ikasogezwa ya saba. Nafasi ya nane ilipobaki tupu, ikajazwa na burji ya Kausi. Orodha ikatimia tisa, ikapendeza masikioni, ikakaririwa.

Madhara yake yalijitokeza zaidi tarehe 24 Agosti 2006, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipokutana mjini Prague na kuamua sayari ni nini. Sharti ilizunguke Jua, iwe na uzani wa kutosha kuifanya mviringo, na iwe imesafisha njia yake isichangamane na magimba mengine ya kiasi chake. Pluto ilishindwa na sharti la tatu, ikawekwa katika jamii ya sayari kibete. Walimu walioifundisha Pluto kwa jina la Utaridi wakalazimika kutangaza kwamba Utaridi si sayari tena. Hivyo sayari ya kwanza, inayotajwa tangu kale, ikafukuzwa angani kwa Kiswahili peke yake, kwa kosa la karani.

Pendekezo na Pingamizi

Makala haya yanapendekeza orodha ifuatayo: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni. Ng'andu lidumu kuwa kisawe cha Zuhura. Neno ardhi libaki na kazi yake ya udongo na nchi kavu, maana hata Mirihi ina ardhi. Buruji zirudishiwe majina yake.

Pingamizi moja ni la haki. Lugha ni mazoea, na neno Zebaki limeenea kiasi kwamba huenda halitaondoka. Tunakubali kwamba matumizi yana nguvu, na kwamba maneno mengi mazuri yalianza kwa makosa. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya neno lililobadilika maana na kuacha nafasi yake wazi, na neno linalotaja vitu viwili katika mtihani mmoja. Utaridi haiwezi kuwa jirani wa Jua katika kamusi na jirani wa giza katika daftari, halafu mtoto akatarajiwa kufasiri habari za sayansi.

Jambo la pili ni kwamba hatujamaliza kuuliza nyumbani. Wazee wanaozungumza Lubukusu na Kisabaoti katika miteremko ya Elgon walilima na kusafiri kwa kufuata nyota kabla ya orodha yoyote kuchapwa. Wanachama wa vyama vya Kiswahili wanaorudi likizoni Bungoma na Trans Nzoia wangefanya kazi ya maana kwa kuyakusanya majina hayo, wakimwomba mzee aonyeshe kwa kidole nyota anayoitaja, kisha waandike saa, tarehe na upande wa anga.

Hitimisho

Wapo wanaosema Kiswahili si lugha ya elimu ya anga. Wanasahau kwamba tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, nayo ilipewa jina la Uhuru. Mwaka 2023 setilaiti ya Kenya, Taifa-1, nayo ilipaa na jina la Kiswahili. Maneno hatuna uhaba nayo. Tulilopungukiwa ni desturi ya kuyalinganisha na vitu yanavyovitaja.

Jioni moja isiyo na mawingu, msomaji na atoke nje ya bweni, aipe taa kisogo, aangalie magharibi. Akiona nuru nyeupe kali isiyometameta, akiitazama kwa majuma kadhaa na kuiona ikihama kati ya nyota, atakuwa ameifahamu Zuhura kwa njia ambayo orodha haiwezi kumpa.

Ama yule msichana wa Kitale, alirudishiwa alama zake mbili mbele ya darasa, na mwalimu wake akafuta ubao na kuanza upya.